MAJI YA TAJIRI JUU, VITANDA VYETU CHINI



Mara hii hatuanzi na habari za mishahara. Katika mikutano ya matawi, ndugu wa mashamba ya chai, miwa na kahawa wametuuliza zaidi ya mara moja kama chama kina neno lolote juu ya mabwawa. Hawaulizii bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Lile lina wahandisi wake usiku na mchana, na likishukiwa kuwa na ufa magazeti yote ya Kampala huandika. Wanaulizia mabwawa madogo ya udongo, yale ambayo mwenye shamba au mwenye kiwanda ameyaziba bondeni ili apate maji ya kumwagilia, ya kuoshea kahawa, ya mtambo au ya ng'ombe. Bwawa la namna hiyo mara nyingi halina hata jina kwenye ramani. Lina mlinzi mmoja mwenye kurunzi, ambaye kazi aliyopewa ni kufukuza wavuvi.

Neno tunalo. Tutalisema kwa urefu kidogo, kwa sababu wanaolala chini ya mabwawa haya ndio wanaopaswa kuyaelewa kwanza, na ndio ambao huwa hawaelezwi.

Usiku wa Solai

Wazee wa reli waliobaki hapa Nsambya wanaijua Solai kwa jina. Palikuwa ni mwisho wa tawi dogo la reli lililotoka Rongai, upande wa Nakuru nchini Kenya, lililowekwa kwa ajili ya mazao ya walowezi. Tawi lile lilikufa zamani, lakini mashamba makubwa yalibaki, na mabwawa yake yakabaki pamoja nayo.

Jioni ya Jumatano, tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa za wiki nyingi, ukuta wa udongo wa bwawa mojawapo la shamba kubwa la kahawa huko Solai ulipasuka. Maji yaliteremka yakiwa yamebeba matope, mawe na miti, yakapita juu ya makazi yaliyokuwa chini yake. Ilikuwa saa ya chakula cha jioni. Wengine walikuwa wamekwisha kulaza watoto. Waliokufa hawakupungua 47, wengi wao kina mama na watoto, na hati ya mashtaka iliyofuata ilitaja 48. Miili mingine iliokotwa kilomita kadhaa kutoka hapo. Mamia ya watu walibaki bila nyumba, bila shamba, bila hata sufuria.

Bwawa lile halikuwa la serikali wala la ushirika. Lilikuwa mali ya mtu binafsi, ndani ya ardhi yake, kwa ajili ya mazao yake. Mamlaka ya maji ya Kenya ilisema baada ya msiba kwamba mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na kibali. Tunasema tena: baada ya msiba. Na katika siku zilizofuata ilibidi maji ya bwawa jingine la shamba hilohilo yapunguzwe kwa haraka, kwa kuogopa lisije likalifuata lile la kwanza. Basi kazi ya kupunguza maji iliwezekana, na watu wa kuifanya walikuwapo. Hawakuitwa mpaka makaburi yalipokuwa yanachimbwa.

Kuhusu kesi, mwaka huohuo wa 2018 watu tisa walifikishwa mahakamani kwa mashtaka 48 ya kuua bila kukusudia, wakiwamo wa upande wa shamba na maofisa wa serikali. Februari 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia, kwa maelezo kwamba upande wa mashtaka haukuonyesha utayari wa kuiendesha kesi. Baadaye mwaka huohuo Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo na kuagiza kesi isikizwe upya. Familia za marehemu zimeizoea njia ya mahakamani kama mfanyakazi anavyoizoea njia ya kiwandani, ila wao hawalipwi mwisho wa mwezi.

Jinsi ukuta wa udongo unavyobomoka

Kwanza tuelewe uzito. Chukua bwawa dogo tu, la hekta moja, lenye kina cha wastani wa meta 3. Hizo ni meta za ujazo 30,000, na kila meta ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Ni sawa na malori 3,000 ya tani kumi kumi yaliyoegeshwa juu ya kambi yenu, yakizuiliwa na rundo la udongo.

Tusidharau rundo hilo. Udongo ukishughulikiwa vizuri ni kitu cha kutegemewa, na yapo mabwawa ya udongo yaliyosimama zaidi ya miaka mia. Lakini yalijengwa. Udongo wa juu wenye mizizi uliondolewa kwanza, ukachimbwa mtaro katikati ya bonde mpaka kwenye ardhi ngumu, mtaro ukajazwa mfinyanzi, kisha ukuta ukapandishwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiloweshwa kiasi na kushindiliwa kabla ya jingine kuwekwa. Kuta za namna hiyo zina mgongo mpana wa kupita gari na pande zilizolala, si zilizosimama wima. Ukuta uliosukumwa na tingatinga kwa siku chache, udongo mkavu juu ya majani, utaonekana uleule kwa macho. Tofauti yake huonekana mvua ya kwanza au ya kumi inapokuja.

Kinachoua mabwawa mengi ya namna hii ni maji kupita juu ya ukuta. Udongo si jiwe. Maji yakianza kumwagika juu ya mgongo wake hukata upande wa nje kama kisu kinavyokata ndizi mbivu, mfereji mdogo huwa mkubwa, na baada ya muda usiofika hata zamu moja ya kazi, ukuta mzima umekwenda. Kwa hiyo kila bwawa linapaswa kuwa na utoro wa maji, yaani njia ya pembeni, pana, iliyo chini kuliko mgongo wa ukuta, ambayo maji yaliyozidi hupitia na kurudi mtoni bila kugusa ukuta. Kati ya usawa wa utoro na mgongo wa ukuta ibaki nafasi isiyopungua kama meta moja. Nafasi hiyo ndiyo uhai wenu.

Sasa tuseme ukweli ambao wengi mmeushuhudia. Adui mkubwa wa utoro si mvua. Ni mtu anayetaka maji zaidi wakati wa kiangazi. Tunalifahamu shamba moja, ambalo hatulitaji, ambako vibarua wetu waliamriwa wajaze magunia ya udongo na kuyapanga katika utoro ili bwawa lipande nusu meta. Walilipwa ujira wa siku mbili. Mvua ziliporudi hakuna aliyewaambia wayaondoe, na mnyapara aliyekumbusha aliambiwa asimamie wachuma chai. Magunia yale yalitolewa na vijana wa kambi wenyewe, usiku mmoja, bila amri ya mtu. Kwingine utoro hupandwa mahindi, kwa sababu kuna udongo mzuri na unyevu. Kwingine huwekewa wavu ili samaki wasitoroke, na wavu huo hukamata majani na matawi mpaka unakuwa mlango uliofungwa.

Jambo hilo la wavu wa samaki lina historia. Tarehe 31 Mei 1889, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ukuta wa udongo wa bwawa la South Fork ulipasuka na kuusomba mji wa Johnstown, mji wa wafanyakazi wa chuma. Walikufa watu 2,209. Bwawa lilikuwa mali ya klabu ya matajiri, pamoja na wenye viwanda vya chuma wenyewe, waliokwenda huko kuvua na kuwinda. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameondolewa na mmiliki wa awali na kuuzwa kama chuma chakavu, na klabu haikuyarudisha. Mgongo wa ukuta ulikuwa umeshushwa ili magari ya farasi yapishane vizuri. Na katika utoro palikuwa na wavu wa kuzuia samaki. Mambo matatu hayo yalifanywa na watu, tena kwa raha zao. Hakuna mwanaklabu hata mmoja aliyelipishwa na mahakama.

Njia ya pili ya kifo cha ukuta ni kuvuja. Hapa tunaomba msomaji awe makini, kwa maana si kila uvujaji ni hatari. Karibu kila ukuta wa udongo huchiriza maji kidogo, na ardhi ya chini yake huwa na unyevu na nyasi za kijani hata wakati wa kiangazi. Kama maji ni safi na hayaongezeki, ni jambo la kuandika daftarini na kuangalia wiki ijayo. Lakini yakitoka yana rangi ya chai ya maziwa, hiyo maana yake yanabeba udongo wa ndani ya ukuta. Yanachimba bomba lake mwenyewe, kutoka nje kwenda ndani, na siku likifika kwenye maji ya bwawa hakuna wa kulizuia. Mahali panapopendwa na uvujaji huo ni kandokando ya bomba la kutolea maji, ambapo udongo haukushindiliwa vizuri. Pengine ni pale palipokuwa na mti.

Miti juu ya ukuta tumeiona mingi mno. Meneja huona imependeza, hasa mikaratusi, na kivuli ni kizuri. Lakini mizizi huingia ndani, mti ukikatwa au kufa mizizi huoza, na kila mzizi uliooza ni shimo refu lililo tayari kwa maji. Upepo ukiung'oa mti mkubwa huondoka na kipande cha ukuta. Kinachotakiwa juu ya ukuta ni nyasi fupi zinazoshika udongo, zinazofyekwa mara kwa mara. Fyekeo, vijana wanne na siku moja kila mwezi. Gharama yake haifiki ile ya tairi moja la gari la meneja.

Nyasi fupi zina faida nyingine: zinakuonyesha mashimo. Fuko huchimba, panya huchimba, mchwa hujenga kichuguu kinachoonekana kigumu nje huku ndani yake kuna vyumba na njia. Kichuguu juu ya ukuta wa bwawa si cha kuchimbwa juujuu na kuachwa. Kinachimbwa mpaka mwisho wa njia zake, kisha panajazwa mfinyanzi na kushindiliwa. Ng'ombe nao hukata njia kila siku mahali palepale wanapoteremka kunywa, na njia ya ng'ombe ikishuka chini ya kimo cha ukuta mwingine, maji yataichagua hiyo.

Nyufa pia. Ufa unaokwenda sambamba na ukuta huonyesha kwamba upande mmoja unataka kuteleza. Ufa unaokatiza ukuta, kutoka maji kwenda nje, ni mbaya zaidi, kwa kuwa huo ni mlango. Udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, huleta nyufa kila mwaka na haufai kutumiwa peke yake.

Neno moja la tahadhari kwa vijana wenye haraka. Bwawa likionekana limo hatarini, kupunguza maji ni lazima, ila si kwa kukata ukuta kwa majembe. Waliokata ukuta hawaudhibiti tena baada ya maji kuanza kupita. Hata kufungua bomba na kushusha maji ghafla mno huweza kuporomosha upande wa ndani, ambao umelowa na umepoteza mhimili wake. Kazi hiyo isimamiwe na mhandisi. Kazi ya mfanyakazi ni kuona mapema, kupiga kelele mapema, na kuwahamisha watu.

Tuongeze hili, maana wengine watachanganya. Shimo lililochimbwa chini ya usawa wa ardhi si sawa na bwawa la ukuta. Hapa Kampala lipo ziwa la Kabaka, upande wa Ndeeba, ambalo Kabaka Mwanga aliwachimbisha watu wake miaka ya 1880. Kazi ile ya shokoa ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaudhi mpaka akapinduliwa mwaka 1888. Ziwa lile bado lipo. Maji yaliyo chini ya usawa wa miguu yako hayana pa kukuangukia, ingawa mtoto anaweza kuzama humo. Mwenye shamba anayetaka maji kidogo tu, kwa ng'ombe au kitalu, mara nyingi angetosheka na tangi lililochimbwa bondeni kuliko ukuta.

Tuta la reli nalo ni bwawa

Sisi wa Nsambya, mahali palipojaa zamani familia za watu wa reli, tusijione kwamba habari hii ni ya mashamba peke yake. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalishuka gizani yakaua watu zaidi ya 50. Siku ya kwanza ilisemwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa lililojengwa na mtu. Ni njia ya maji chini ya tuta la reli ya zamani, huko Kijabe, iliyozibwa na matope, mawe na miti. Maji yalijikusanya nyuma ya tuta kama nyuma ya ukuta, mpaka yakashinda.

Kila mzee aliyewahi kufanya kazi ya magenge ya njia anajua kwamba kuzibua kalavati ilikuwa kazi ya kawaida, yenye siku yake na mnyapara wake. Magenge yalipopunguzwa, kazi haikuhamia kwa mtu mwingine. Ilitoweka tu. Hatuwezi kusema ni nani hasa angeizibua ile ya Kijabe. Tunasema kwamba mtu wa namna hiyo alikuwapo zamani kila maili chache za njia.

Hata hapa mjini, tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa takataka wa Kiteezi uliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Takataka si maji, lakini mteremko ni mteremko: ulipanda mwaka baada ya mwaka, wakazi wakiwa chini yake.

Kwa nini kambi iko chini

Mfanyakazi mmoja wa miwa alituuliza swali ambalo tumeshindwa kulisahau: nani alichagua mahali pa kambi? Jibu ni rahisi. Mlimani pana jua na udongo wa zao. Kilele ni cha nyumba ya meneja, kwa sababu ya hewa. Kinachobaki ni bondeni, karibu na maji, ambapo zao halistawi na bomba halihitaji kuwa refu. Kambi ikawekwa pale. Pengine bwawa lilijengwa baadaye, juu yake, na hakuna aliyefikiri kuihamisha. Pengine bwawa lilikuwapo, na watu wasio na ardhi wakajenga vibanda chini kwa kuwa ndipo palipokuwa wazi.

Hapo ndipo sheria inapokuwa na tundu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 humlipa aliyeumia au aliyekufa kutokana na kazi na akiwa katika kazi. Basi, mchuma chai aliyekufa saa mbili usiku akiwa kitandani, katika nyumba ya kampuni, chini ya bwawa la kampuni, alikuwa kazini? Wakili wa kampuni atasema hapana. Na mtoto wake aliyekufa pembeni yake si mwajiriwa wa mtu yeyote. Sisi tunashikilia kwamba aliyepangiwa na mwajiri nyumba ya kulala amepangiwa pia hatari zake, na tunataka neno hilo liandikwe katika mapatano ya kila shamba, waziwazi, kabla halijahitajika.

Njia nyingine ipo, nayo ilizaliwa na bwawa dogo la kiwanda. Mwaka 1860 huko Lancashire, Uingereza, mwenye kiwanda cha pamba alijengewa bwawa la maji ya kiwanda chake. Chini yake palikuwa na mashimo ya zamani ya makaa. Maji yalipojaa yalipenya humo yakaufurika mgodi wa jirani. Kesi ya Rylands na Fletcher ilifika Baraza la Malodi, na mwaka 1868 ikaamuliwa kwamba mtu anayeleta na kukusanya katika ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, atawajibika kwa madhara yake hata kama hakuonyeshwa uzembe wake. Nchi zetu zilirithi sheria za Kiingereza, na kanuni hiyo hutajwa mahakamani Kampala na Nairobi mpaka leo. Ina mianya yake, mmojawapo ukiwa ni dai kwamba tukio lilikuwa amri ya Mungu.

Amri ya Mungu! Ndugu wachimba makaa wa West Virginia, Marekani, waliyasikia maneno hayo. Tarehe 26 Februari 1972 mabwawa ya taka za makaa ya kampuni moja yalipasuka katika bonde la Buffalo Creek, wakafa watu 125 wa familia za wachimbaji, na kampuni ikasema ni kazi ya Mungu. Wachimbaji walijibu kwamba hawajamwona Mungu akiendesha tingatinga pale juu. Siku chache kabla, mkaguzi alikuwa ameyaangalia mabwawa akaona yako sawa. Kwa hiyo karatasi ya mkaguzi pekee isitulize.

Sheria nzuri, mara nyingi, huandikwa baada ya mazishi. Mwaka 1925 maji yaliushukia mji mdogo wa Dolgarrog huko Wales, mji wa wafanyakazi wa kiwanda cha alumini. Kiwanda ndicho kilichomiliki mabwawa. Walikufa 16. Wangekuwa wengi zaidi, ila usiku ule watu zaidi ya 200 walikuwa wamekwenda kuangalia sinema katika ukumbi uliokuwa mahali salama. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1930 sheria ya kulazimisha mabwawa makubwa yakaguliwe na mhandisi anayestahili. Nasi tuna Sheria ya Maji ya mwaka 1995 na kanuni za 1998, ambazo zinadai vibali. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomwajibisha mwajiri kwa usalama wa mahali pa kazi na kuweka nafasi ya wajumbe na kamati za usalama. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, linasema mfanyakazi aliyeondoka mbele ya hatari ya wazi na ya karibu asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliiweka haki ya mahali salama pa kazi miongoni mwa haki za msingi. Kamati nyingi za usalama tulizoziona huzungumzia glavu, viatu na mashine. Bwawa halimo katika orodha, kwa sababu liko nje ya uzio wa kiwanda.

Hatutaki mabwawa yakaushwe

Wapo wanaosema tukifungua mdomo tutafungiwa kazi. Hofu hiyo tunaielewa. Kitalu kikikosa maji Januari, vibarua ndio wa kwanza kurudishwa nyumbani, na kiwanda cha kahawa kisicho na maji hakioshi kitu. Baada ya Solai, Kenya kulikuwa na msukumo wa kuyafunga mabwawa yasiyo na vibali, na si kila mfanyakazi alifurahi. Chama hakiombi bwawa lolote lifungwe pale ambapo linaweza kutengenezwa. Tunaomba litengenezwe, na kazi hiyo iwe kazi ya ujira: mtu maalumu wa bwawa, mwenye daftari, anayelipwa kama fundi na si kama mfukuza wavuvi.

Mtu huyo atembee ukuta wote mara moja kwa wiki kiangazi, na kila siku katika mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Apige mti wenye alama ndani ya maji ili usawa usomwe kila asubuhi. Afungue vali ya bomba la chini walau mara moja kila miezi michache, kwa sababu vali isiyofunguliwa miaka mitano haitafunguka siku ya shida. Akiona maji machafu, ufa unaokatiza, au maji yaliyobakiza shubiri mbili kufika mgongoni, awe na ruhusa ya kugonga kengele bila kumtafuta meneja kwanza. Na kambi ijue kengele hiyo maana yake nini: kupanda pembeni mlimani, si kukimbia kufuata bonde. Maji hufuata bonde, na mtu hawezi kuyashinda mbio.

Wajumbe wa matawi, kabla ya mvua za Machi tunataka barua kutoka kila shamba na kila kiwanda chenye bwawa. Tuandikieni bwawa liko wapi, ukuta una kimo cha watu wangapi waliosimamiana, utoro uko wazi au umezibwa na kwa kitu gani, kuna miti, kuna uvujaji, maji yake ni ya rangi gani. Hesabuni nyumba zilizo chini yake mpaka mahali ambapo bonde linapanuka, na watoto wanaolala humo. Nakala moja mpeni meneja, mchukue sahihi yake ya kupokea. Nyingine tutaipeleka sisi kwa wakaguzi wa kazi na kwa ofisi ya maji. Tawi lisilo na karani litume mtu hapa Nsambya Jumamosi asubuhi. Tutaketi naye na kuiandika pamoja.